Pipa, Sanduku la Shule na Begi la Fundi: Jinsi ya Kuweka Vifaa vya Kambi Visiharibike

Kila tukishuka kutoka kreta ya Menengai au tukitoka Msitu wa Kakamega, maswali ni yale yale. Hema nitaliweka wapi? Mbona begi langu la kulalia linanuka kama gunia la omena? Lile pipa la buluu ulilofunga juu ya keria ulilitoa wapi, na nguo zikikaa mle hazitashika harufu? Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu ndani ya matatu, na siku moja nimeyajibu nikiwa nimeinama nasonga ugali wa watu kumi. Sasa nayaandika, ili mwingine akiniuliza nimtumie hii.

Huu ni mwongozo wa mtu wa nyumba ya kawaida: chumba kimoja au viwili, mabati juu, stoo hakuna, na chini ya kitanda tayari kumejaa viatu. Huhitaji yale masanduku magumu ya dukani ambayo bei yake inanunua mbuzi. Mapipa yaliyomaliza kazi, masanduku ya shule yasiyo na mwanafunzi tena, ndoo za rangi na mabegi ya mafundi yanatosha kabisa, mradi ujue kipi kinakaa wapi.

Mimi mwenyewe nilianza kwa hasara. Mwaka mmoja, mwezi wa tano, nilitoka Kakamega, kule ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000. Nikakung'uta hema, nikalipapasa, nikaona limekauka. Nikalikunja, nikalitia kwenye sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kubana, nikajisifu. Nilipolifungua mwezi wa nane, utando wa ndani, ule unaozuia maji yasipenye kitambaa, ulikuwa unanata vidoleni kama ulimbo, na dada yangu akauliza kutoka jikoni ni nani ametapika. Sanduku halikuwa limevuja hata tone. Hapo ndipo nilipoelewa: sanduku lisiloingiza maji halitoi maji pia. Kwa hiyo japo hapa tutazungumza sana kuhusu mapipa na masanduku, ukibanwa na muda ruka yote usome hatua ya nane.

Utakavyohitaji

- Tepu ya fundi cherehani
- Sabuni ya unga, brashi ngumu na mswaki uliochakaa
- Bikaboneti ya soda, ile ya kuokea
- Msasa, brashi ya waya na rangi ya kuzuia kutu (kwa sanduku la bati tu)
- Silikoni ya kuzibia na ukanda wa sponji wenye gundi upande mmoja
- Tyubu ya baiskeli iliyotoboka, mshumaa, sindano kubwa na uzi wa viatu
- Magazeti ya zamani, na vile vipakiti vya silika unavyokuta ndani ya boksi la viatu vipya
- Tochi, kalamu ya maka na matofali manne
- Siku mbili zisizo na mvua

Hiyo ya mwisho watu huisahau, na ndiyo ngumu kupata. Huku kwetu magharibi mwa Kenya mvua kubwa ya Machi hadi Mei mara nyingi haikubali kuisha Mei, kwa hiyo usipange kazi hii siku ya kuamkia safari.

Chombo chenyewe sijakiweka kwenye orodha makusudi. Usinunue bado.

Hatua ya 1: Mwaga kila kitu mkekani

Toa vyote, hata kile kijiko kilichojificha kwenye mfuko wa pembeni, kisha uvigawe mafungu manne kulingana na kinachoviua.

Fungu la kwanza ni vinavyoogopa maji: hema, makoti ya mvua, nguo za baridi, ramani, tochi. Ndiyo, koti la mvua linaogopa maji likiwa limekunjwa. La pili ni vinavyoogopa kubanwa: begi la kulalia, koti la manyoya, mkeka wa kujaza upepo. La tatu ni vizito na vyenye ncha: vigingi, nyundo, panga, sufuria, jiko. La nne ni vinavyowaka au kunuka: mitungi ya gesi, mafuta ya taa, dawa ya mbu, na viatu. Viatu vyako pia, usijitetee.

Pima fungu la kwanza na la tatu kwa tepu baada ya kulikunja. Andika urefu wa kitu kirefu kuliko vyote. Kwa kawaida ni fito za hema. Wengi hununua pipa zuri, wakifika nyumbani fito hazizami, wanazilaza juu ya kabati, na safari inayofuata wanafika Mlima Elgon na hema lisilo na fito.

Hatua ya 2: Chagua chombo

*Pipa la buluu lenye mdomo mpana.* Tafuta lile ambalo kifuniko chote kinatoka na kubanwa na pete ya chuma yenye mkono. La lita 60 ndilo saizi ya mtu: linaingia hema la watu wawili, makoti na sufuria, na bado mtu mmoja anaweza kulibeba. La lita 30 linakaa nyuma ya boda boda. Lile kubwa la kuhifadhia maji waachie wenye ploti. Likijaa vitu utalibeba na nani? Kisumu tembea Kibuye, hasa Jumapili ambapo soko limejaa. Nakuru anza kwa mafundi wa jua kali na wauzaji wa mitungi mitumba.

*Sanduku la bati la shule.* Hili ndilo nalipenda, na ndilo watu hulidharau. Karibu kila nyumba huku ina moja tangu mtu amalize Kidato cha Nne, limejaa vitabu vya hesabu vya miaka iliyopita. Halizuii maji vizuri, lakini linazuia kitu kibaya zaidi ya maji: panya. Pipa la plastiki panya akiamua atalitafuna ukingoni. Bati hatoboi.

*Ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko.* Nzuri kwa kamba, vigingi vyenye matope na vyombo vya kufulia. Chukua ndoo ya rangi ya maji, si ya rangi ya mafuta. Ndoo za mafuta ya kupikia ni imara, ila harufu yake haiishi upesi, na panya ana pua kuliko wewe.

*Begi la fundi.* Lile la turubai nzito, linalofunguka mdomo mzima kama mamba, kitako kigumu, mifuko ya ndani na nje. Yapo mengi kwenye mitumba. Hapa ndipo fungu la tatu litakaa.

*Mtungi wa manjano wa lita 20.* Ukipasuka usiutupe. Ulaze, ukate upande mmoja kwa kisu kilichopashwa moto, ukifanya hivyo nje kwenye hewa, na umepata trei ya viatu vyenye matope.

> Onyo. Usichukue chombo kilichobeba dawa ya kunyunyizia mimea au ya kuoshea ng'ombe, hata kiwe kimeoshwa mara ishirini, hata kiwe cha bure. Plastiki hunywa dawa na kuitoa pole pole, na wewe utalaza uso kwenye nguo zilizokaa mle. Vyombo hivyo hutakiwa kusuuzwa mara tatu na kutobolewa visitumike tena. Ukikiona kizima sokoni, mtu ameruka hatua.

> Onyo la pili. Ukitazama video za Marekani utaona watu wakipanga vitu kwenye masanduku ya risasi na mabegi ya jeshi. Kwao ni bidhaa za duka. Hapa Kenya raia kukutwa na mavazi ya jeshi ni kesi, na askari wa barabarani hatakaa chini akusikilize ukieleza kuwa hilo ni begi la vigingi tu. Kitu chochote chenye rangi za jungle kiache hapo hapo kwa muuzaji.

Hatua ya 3: Soma pipa kabla ya kulipa

Siku moja sokoni nilisimama mbele ya pipa safi linalong'aa.

“Hili lilikuwa na nini, mama?”

“Juisi, kastoma. Safi kabisa. Hata maji ya kunywa unaweka.”

Nikafungua kifuniko. Juisi gani hii inayonuka kama dawa ya kuoshea choo? Nikamwambia asante mama, nitarudi, na sote wawili tukajua sirudi.

Pua inasaidia, lakini macho pia yana kazi. Geuza pipa, au tazama ubavuni karibu na kitako. Mengi yamepigwa chapa ya herufi UN ndani ya duara, kisha tarakimu na herufi. Ukiona 1H2, umepata unachotaka: 1 ni pipa, H ni plastiki, 2 ni kwamba kifuniko chote kinatoka. Ukiona 1H1, hilo lina matundu madogo ya vizibo tu na hutaingiza hata soksi bila kulikata. 1A2 ni la chuma lenye kifuniko kinachotoka. Herufi ya X, Y au Z inayofuata inaonyesha ukali wa mzigo ambao pipa limepimwa kuubeba, X ukiwa mkali kuliko wote.

Hapa wengi hukosea. Chapa hiyo inasema pipa *linaweza* kubeba nini. Haisemi *lilibeba* nini. Pipa la chapa ya X linaweza kuwa lilibeba kitu cha kawaida kabisa. Kwa hiyo tafuta lebo ya karatasi, au alama ya gundi mahali ilipobanduliwa. Lebo ya chakula ikiwa bado ipo, lipa. Lebo ikiwa imekwanguliwa kwa bidii na kisu, jiulize aliyekwangua alikuwa anaficha nini.

Mwisho, mwombe muuzaji alifunge pipa na kuliacha juani wakati unazunguka soko. Baada ya saa nzima lifungue, peperusha hewa kwa kiganja kuelekea puani, usitie kichwa ndani. Joto hutoa harufu iliyofichwa na sabuni.

Hatua ya 4: Osha

Maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga, brashi. Sugua mfereji wa kifuniko kwa mswaki, maana uchafu wote hujificha pale. Suuza mara tatu. Kisha koroga kikombe nusu cha bikaboneti kwenye ndoo ya maji, mimina ndani, funga, lilaze na kulizungusha mara kwa mara hadi kesho yake.

Likikauka, lijaze magazeti yaliyofinyangwa, funga siku mbili. Likifunguliwa bado linanuka, hilo limekuwa pipa la taka au la kupandia sukuma. Usiling'ang'anie.

Hatua ya 5: Pima kama linavuja

Anza na kipande cha gazeti upana wa vidole viwili. Kiweke ukingoni, funga kifuniko, kisha kivute. Kikitoka bila kukwama, raba ya kifuniko haigusi pale. Zunguka ukingo mzima hivyo hivyo.

Halafu usiku zima taa, washa tochi, itie ndani na ufunge. Ukiona uzi wa mwanga, umeona njia ya maji. Jaribio hili la pili ni zuri sana kwa sanduku la bati. Mara ya kwanza nilipolifanya langu liling'aa pembeni kama kanisa la usiku wa Krismasi.

Ukitaka uhakika, weka gazeti kavu na jiwe ndani ya pipa, funga, lilaze kwenye beseni kubwa au pembeni mwa mto maji yakifika kifunikoni, nusu saa. Gazeti likitoka kavu umemaliza.

Raba ikiwa ngumu au imepasuka, usihangaike kuipaka grisi ya gari wala mafuta ya kujipaka. Mafuta ya petroli huvimbisha na kulegeza aina nyingi za raba. Grisi ya silikoni kidogo ni sawa. Kama huna, ioshe kwa maji ya sabuni, ikaushe, uiache.

Hatua ya 6: Fufua sanduku la shule

Toa vitabu (mpe mtoto wa jirani), ng'oa stika kwa maji ya moto. Sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha msasa, futa vumbi, paka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, iache ikauke kabisa.

Rangi kwanza, silikoni baadaye. Nasisitiza kwa sababu silikoni nyingi za bei rahisi hutoa harufu ya siki zikikauka, na harufu hiyo ni asidi halisi: ikigusa chuma kitupu huanzisha kutu chini yake, na utaona imeshika vizuri juu huku bati linaliwa chini. Pitisha uzi mwembamba wa silikoni kwenye mishono yote kwa ndani na juu ya kila ribiti, lainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, kisha acha sanduku wazi siku nzima au zaidi, mpaka harufu ya siki iishe.

Bandika ukanda wa sponji kwenye ukingo wa mdomo. Funga kifuniko. Kama komeo sasa halifiki, sponji ni nene mno. Nunua nyembamba, usilazimishe, utapinda bawaba.

Chini tandika kipande cha mkeka wa plastiki. Si katoni: katoni hunywa unyevu na mende huiona nyumba ya kupanga. Jina ubavuni liache. Langu bado limeandikwa Form 2 West kwa rangi nyeupe, na kijana wangu akiliona hucheka mwandiko.

Hatua ya 7: Tayarisha begi la fundi

Pindua ndani nje, ulikung'ute juu ya karatasi nyeupe. Utashangaa: vumbi la chuma, misumari midogo, vipande vya waya. Kimoja tu kikibaki kitapata hema lako gizani. Pitisha sumaku ya spika iliyokufa kwenye kila kona, na kwenye mishono pia.

Doa la oili lipake sabuni ya kuoshea vyombo bila maji, liache robo saa, sugua, suuza kwa maji ya moto. Harufu ya dizeli hutoka kwa bikaboneti kavu ikikaa ndani usiku kucha, wakati mwingine usiku tatu. Zipu ngumu isugue kwa mswaki kisha mshumaa, uifungue na kuifunga mara kumi. Wa Nakuru hii wafanye kila baada ya safari. Inasemekana jina la mji wao linatokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, na ukitembea Menengai Januari hutahitaji ushahidi mwingine.

Mshono uliofumuka mpelekee fundi viatu. Uzi wake ndio unaofaa, na hatakula hata dakika kumi. Ukiwa pale mwambie akushonee vitanzi vya tyubu ya baiskeli ndani, kila kimoja upana wa vidole viwili. Kimoja kitashika nyundo, kingine tochi, na kile kirefu kitabana vigingi vyote pamoja visicheze. Raba ya tyubu haiteremki kama mkanda wa nailoni, na haitoi kelele ya chuma usiku mtu akitafuta kisu wenzake wamelala.

Hatua ya 8: Kausha, halafu kausha tena

Tundika hema likiwa limefunguliwa zipu zote, sakafu ikitazama juu. Kamba ya nguo inatosha. Kivulini penye upepo, si juani siku nzima: jua la ikweta hula nailoni kimya kimya, na kitambaa kikishachoka hukirudishii nguvu.

Mkono haukwambii ukweli. Kitambaa kikavu cha hema ni baridi kidogo, kitambaa chenye unyevu pia ni baridi, na hapo ndipo nilipodanganyika. Tumia shavu, au mdomo wa juu. Na usiguse katikati ya ukuta, maana pale hukauka dakika tano. Gusa pembe za sakafu, mishono minene, vifundo vya kamba, mfuko wa vigingi na ile mikono ya kitambaa inayopita fito. Fito zenyewe zitenganishe. Kamba ya raba iliyo ndani hushika maji.

Siku ya kwanza upande mmoja, siku ya pili ugeuze. Ukiwa Kisumu karibu na ziwa, toa vitu jua likiwa limepanda na uviingize kabla ya jioni, la sivyo hewa ya usiku itarudisha ulichokitoa mchana, na wale wadudu wa ziwa wakipenda taa yako watajifia ndani ya hema kwa mamia.

Ikiwa mvua haikati, tandaza hema ndani ya nyumba, juu ya viti, juu ya mlango, popote. Familia itanung'unika. Bora manung'uniko ya siku tatu kuliko hema linalonata.

Hatua ya 9: Pakia

Kwenye pipa: sufuria chini, hema juu yake, makoti, halafu vidogo vya umeme kwenye mfuko wao. Hema usilikunje kwa mistari ile ile kila mara. Lisokomeze kidogo kidogo, maana mkunjo ule ule ndio hupasua utando. Toa betri kwenye tochi zote, zikivuja zinakula shaba ya ndani. Pawabenki iweke ikiwa na chaji nusu, si tupu wala si kamili.

Tupia vipakiti vya silika. Visivyo na nguvu tena vikaushe kwenye oveni ya moto mdogo au juu ya sinia lenye joto kavu, ila vya karatasi tu. Vile vya plastiki vitayeyuka. Huna silika? Gazeti kavu lililofinyangwa, ubadilishe kila mwezi. Usitie mchele badala yake: mchele ni chakula, upike.

Begi la kulalia lisiingie kwenye pipa. Manyoya yakibanwa miezi hufa, hayafutuki tena, na wewe utatetemeka Elgon ukilaumu kampuni. Litie kwenye foronya kubwa au gunia la kitambaa, ulitundike.

Gesi haikai ndani ya sanduku lolote, hata pipa, hata “kwa siku mbili tu”. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja hukusanyika chini, na chombo kilichofungwa ni chumba cha kuisubirisha kiberiti. Iweke imesimama, mahali penye hewa, mbali na moto. Vidonge vya kufukuzia nondo pia usitie: harufu haitoki kwenye nguo, na hulainisha baadhi ya plastiki.

Viatu vikae kwenye trei ya mtungi, wazi, na magazeti ndani. Soli nyingi za kisasa huoza kwa unyevu hata zisipovaliwa, kisha siku ya safari zinabanduka kama ganda la ndizi.

Mwisho, kwa kalamu ya maka andika kifunikoni, kwa ndani, kila kilichomo. Kwa ndani kwa sababu nje mwizi naye anasoma.

Hatua ya 10: Mahali pa kuweka

Juu ya matofali manne, wazi upana wa kiganja kutoka ukutani. Mchwa wa huku hawabishi hodi. Si juu ya dari chini ya mabati. Mchana pale ni tanuri, gundi za viatu na mikeka huachia. Fungua vyote mara moja kwa mwezi, asubuhi kavu, kwa saa moja.

Mambo yakienda vibaya

*Kuna matone ndani ya kifuniko.* Ulifunga vitu vibichi, au pipa linapigwa na jua mchana na kupoa usiku. Toa vyote, rudi hatua ya nane, kisha lihamishe.

*Hema lina madoa meusi.* Hiyo ni kuvu. Osha kwa maji baridi na sabuni laini, bila mashine, kausha. Kuvu nyingi itatoka, doa litabaki. Limezee.

*Utando unanata kama nilivyoeleza.* Ukiwa sehemu ndogo, paka poda ya talkumu, hema litasogeza safari mbili tatu za kiangazi. Ukiwa umenata kote, kata kitambaa kizuri kilichobaki ushone mifuko ya vigingi.

*Panya ametafuna ukingo wa pipa.* Kuna harufu ya chakula mle. Tafuta pipi au njugu iliyosahauliwa mfukoni mwa koti, osha koti, halafu hamishia vitu kwenye bati.

*Kutu imerudi sandukuni.* Tazama chini, kwenye pembe zinazogusa tofali. Weka kipande cha tyubu katikati ya tofali na bati.

*Pipa halifunguki.* Hili huwashtua wengi, na wanafikiri limeharibika. Ukilifunga kambini Elgon, mita 3,000 na zaidi, kwenye baridi, ukashuka nalo hadi Kisumu iliyo mita 1,100 hivi, hewa ya nje sasa ina nguvu kuliko ile uliyoifungia ndani na inakikandamiza kifuniko. Usilipige nyundo. Fungua pete, acha pipa juani robo saa hewa ya ndani ipate moto, kisha ingiza mpini wa mwiko ukingoni na uunyanyue pole pole. Litapumua kwa sauti kama chupa ya soda. Ukipanda nalo milimani huwa kinyume: kifuniko kimetuna, na mkono wa pete ukiuachia ghafla unaruka. Weka uso pembeni, shikilia mkono huo kwa kiganja, uulegeze kidogo kidogo.